Kumsindikiza Mavyaa

Mavyaa wangu alitangaza uamuzi wake akiwa kitandani hospitalini, kabla mtu yeyote hajathubutu kumuuliza. Muuguzi alikuwa amemaliza kumfunga kidonda cha kisigino. Daktari alikwisha kueleza kwamba kiharusi kimemdhoofisha upande wa kushoto, na kwamba sukari ndiyo inayokizuia kidonda kupona. Afisa wa ustawi wa jamii, mama mpole mwenye miwani mikubwa, alikuwa bado anatafuta maneno ya kuanzia. Alinitazama mimi, na mimi nikatazama pazia. Mavyaa akatusaidia sote wawili.

"Mwambie," akaniambia kwa Kiswahili, ingawa Kiingereza anakijua vizuri, "mwambie mimi sirudi nyumbani kukaa. Sasa ni mtu wa kunyanyuliwa na watu wawili, na wewe uko mmoja. Watafute nyumba ya wazee yenye wauguzi. Lakini isiwe mbali, na nitaiona mwenyewe kwanza."

Sikumfasiria. Nilimwambia, "Mama, haya tutayaongea nyumbani."

"Nyumbani ndiko nakwambia sirudi," akasema, kisha akageuza uso na kumwambia yule mama kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama mtu anayeagiza nyama buchani.

Mavyaa ni mama wa marehemu mume wangu. Alikuja London kutoka Unguja akiwa na mume na watoto wawili wadogo, akafanya kazi kwenye dobi la hospitali mpaka alipostaafu, akipiga pasi mashuka ya watu asiowajua. Mimi nilikuja baadaye sana, bibi harusi, nikaingia nyumba yao hii hii ya Edmonton, nyumba nyembamba iliyobanwa kati ya nyingine mbili katika safu ndefu ya nyumba zinazofanana. Mwanzoni hatukupatana. Alisema wali wangu ni uji, nami nikasema moyoni maneno ambayo siyaandiki hapa. Kisha mtoto akazaliwa, tukapata kazi ya kufanya pamoja, na ugomvi ukageuka mazoea. Mume wangu alipofariki, watu walingoja kuona nani ataondoka kwanza, mimi au yeye. Hakuondoka mtu. Tulibaki wajane wawili ndani ya nyumba moja, tukibishana juu ya chumvi na kutazama taarifa ya habari pamoja.

Kwa hiyo aliposema harudi, niliumia. Lakini nilijua anasema kweli. Kabla ya kiharusi alikuwa ameshaanguka mlangoni mwa choo, nikamwinua kwa kumfunga kanga kiunoni na kuvuta. Sasa mwili wake ulikuwa mzito kwa namna nyingine, uzito wa mwili usiomsikiliza mwenyewe. Kidonda kilitaka muuguzi kila siku. Na mimi kila asubuhi nilitakiwa niwe kwenye dawati la mapokezi katika skuli ya msingi ninakofanya kazi, nikiwafungulia wazazi mlango.

Aliyekataa ni wifi yangu. Yeye ndiye binti pekee wa mavyaa. Anakaa Hayes na mumewe, anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Alifika hospitalini jioni ile ile, koti hajalivua, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Mama yangu hawekwi nyumba ya wazee na mimi niko hai," akasema. Alinitazama mimi, si mama yake. "Wewe umechoka, wifi, sikulaumu. Mkwe ni mkwe. Lakini mimi ni damu yake."

Lile neno "mkwe ni mkwe" lilinichoma. Majibu nilikuwa nayo tele, ila mavyaa aliniinulia mkono wake mzima: tulia.

"Haya," akamwambia binti yake. "Nichukue."

"Nitakuchukua, mama."

"Nichukue basi, mwanangu. Ukiweza, nitafurahi. Usipoweza, usije ukalia. Tutarudi kwenye lile nililolisema."

Wifi alijitahidi, na nataka hilo lijulikane. Alisukuma makochi ukutani, kitanda cha mgonjwa kikawekwa sebuleni, akaomba likizo kazini kwake. Muuguzi wa mtaa alikuja kufunga kidonda. Kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ilitaka kuleta wahudumu wa kumsaidia kumwosha, akawakataa, akasema wageni hawatamvua nguo mama yake. Mimi nilikwenda kila mwisho wa wiki, treni na mabasi, nikiikata London yote kutoka upande mmoja mpaka wa pili na supu yangu ndani ya chupa ya chai. Nilimkuta mavyaa amekaa wima, kajitanda vizuri, na wifi macho mekundu, nywele hazijaguswa na kitana.

Haikufika mwezi. Mchana mmoja simu yangu ikalia nikiwa kazini. Alikuwa wifi, anacheka, au nilidhani anacheka.

"Wifi, tumeanguka."

"Nani kaanguka?"

"Sote wawili. Nilikuwa namtoa kitandani nimweke kwenye kiti, mgongo ukashika, tukateremka taratibu mpaka chini. Hakuumia. Lakini mimi siwezi kusimama, na yeye hawezi kusimama. Tumekaa sakafuni tunatazamana."

"Umeita gari la wagonjwa?"

"Nimeita. Wameuliza kama kuna aliyevunjika, nikasema hapana, wakasema tusubiri. Mume wangu yuko njiani."

Baadaye alinisimulia yaliyopita pale chini. Mavyaa alimvutia mto kwa mkono wake mzima, wakaegemea kitanda bega kwa bega. Kisha mavyaa akaanza kumhadithia siku za mwanzo walipofika nchi hii, jinsi wifi alivyokuwa akililia jua, na jinsi alivyofungwa kanga ndani ya koti ili apate angalau kitu chenye harufu ya nyumbani. Walicheka sana. Halafu wifi akaanza kulia kweli, akasema, "Mama, nimeshindwa."

Mavyaa akamjibu, "Ulioshindwa ni mgongo. Mapenzi hayakai mgongoni, mwanangu. Sasa nitafutieni nyumba."

Akarudi Edmonton kwa muda. Kitanda kikahamia sebuleni kwangu, na wahudumu wakaja wawili wawili, asubuhi, mchana na jioni. "Mimi hapa ni mgeni wako," aliniambia, "na mgeni mwema hazidishi siku."

Tulikwenda kuziona nyumba tukiwa wanne: mavyaa kwenye kiti cha magurudumu, mimi nikisukuma, wifi na mkanda wake wa mgongo, na binti yangu aliyeomba ruhusa kazini. Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na bibi yake huendelea na Kiswahili chake, na hivyo ndivyo wanavyopendana tangu alipoanza kusema.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na zulia nene na maua mezani. Meneja alitupa chai na biskuti, akazungumza na mimi muda wote. "Mama anapenda kuamka saa ngapi? Mama anakula nyama?" Mavyaa alikuwa mbele ya pua yake. Mwishowe mavyaa akaniambia, "Mshukuru kwa chai yake, twende zetu." Tulipofika nje akasema, "Huyu hajaniona nikiwa nimekaa. Je, nikiwa nimelala?"

Ya pili ilikuwa safi na watu wake wakarimu, lakini ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto. Mavyaa alisema hataki nyumba itakayowafanya watu wamtembelee kwa kujilazimisha.

Ya tatu iko Edmonton humu humu, safari fupi ya basi kutoka mlangoni kwangu. Ni jengo la matofali mekundu lisilo na uzuri wowote, lenye lifti inayolia kama punda. Muuguzi mkuu, mwanamke wa makamo kutoka Ghana, alivuta kiti, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mavyaa.

"Karibu," akamwambia. "Unataka kuniuliza nini?"

Mavyaa alijiweka sawa. "Nani ataniosha?"

"Wanawake, ukitaka wanawake."

"Na usiku?"

Yule muuguzi alifikiri kidogo. "Usiku mara nyingine kuna mwanamume kwenye zamu. Lakini mwanamke hakosekani. Pengine itabidi umsubiri kidogo mpaka amalize na mwingine."

Tuliendelea: chakula, dawa, sala, saa za kutembelewa. Nyama ya halali huletwa, akasema, ila mapishi ni ya hapa. "Mke wa mwanangu ataniletea," mavyaa akasema, na muuguzi akajibu alete, mradi waambiwe kuna nini ndani, kwa ajili ya sukari. Kisha mavyaa akauliza habari ya udi. Binti yangu ndiye aliyeeleza: chetezo, makaa, moshi. Muuguzi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Moto hapana, mama. King'ora kitalia nyumba nzima, na zimamoto watakuja na ngazi zao."

Mavyaa akainusa ncha ya kanga yake. Nadhani hilo ndilo lililomuuma siku ile kuliko jambo lolote.

"Mafuta ya udi je?" nikauliza.

"Mafuta sawa. Hata mkitaka kupaka pazia."

Chumbani mavyaa alishika ncha ya shuka, akaisugua kati ya vidole, akatazama pindo. "Zinafuliwa vizuri," akasema. Binti yangu akatoa simu kutafuta kibla, na hapo tukapata tatizo. Kitanda hakikugeuka, kwa sababu lazima winchi ya kumnyanyulia ipite pande zote mbili. Wifi akavuta uso. Mavyaa akawa amekwisha kulimaliza: "Kitanda ni cha kulala, nitaswali kwenye kiti. Kiti kiwekwe pale dirishani." Dirisha lilitazama ua wenye mti mmoja na mapipa ya taka. "Nitaona gari la taka likija," akasema. "Si haba."

Kwenye basi la kurudi nikamuuliza kwa nini ameipenda ile. Akasema, "Yule bibi kaniambia nitasubiri. Wale wengine waliniambia kila kitu kitakuwa vizuri. Mtu anayekwambia utasubiri hajakudanganya."

Kaunsili ikakubali, tukapewa siku. Hapo ndipo wifi aliponifuata jikoni, akafunga mlango.

"Wifi, watu tutawaambia nini?"

"Kuhusu nini?"

"Usijifanye hujui. Watasema tumemtupa. Mimi naona tuseme amesafiri. Amekwenda Unguja kupumzika."

Masikio ya mavyaa kiharusi hakikuyagusa. Sauti ikatoka sebuleni: "Nimesafiri? Kwa mguu upi?"

Tukatoka jikoni kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Mavyaa alikuwa ameinuliwa kitandani, mito nyuma yake.

"Nisikilizeni," akasema. "Nilipopelekwa kwa mume wangu nilisingwa mwili mzima kwa manukato, nikatiwa hina, nikafukizwa mpaka kwenye nywele. Watu walijaa. Sikutolewa mlango wa nyuma kama mwizi. Na nyumba ile nilichaguliwa. Hii nimeichagua mwenyewe. Basi waiteni watu."

"Mama, watasema," wifi akalalamika.

"Waje waseme hapa, wakinywa chai."

Jumamosi iliyofuata tukaenda Edgware Road, kwenye maduka ya Waarabu, mimi na wifi peke yetu, kununua hina, marashi na mafuta ya udi. Duka tulilozoea lilijaa wageni wa Ghuba, wanawake wakinusa chupa moja baada ya nyingine bila haraka, na muuzaji akawa hana habari na sisi. Singo yenyewe, ya kusugulia mwili, hatukuipata. Tukanunua unga wa liwa na karafuu, tukakubaliana tutaitengeneza wenyewe. Kisha mgongo wa wifi ukadai kiti, tukaingia kwenye mkahawa.

Alizungusha kijiko ndani ya glasi ya chai kwa muda mrefu.

"Nilikwambia mkwe ni mkwe," akasema.

"Ulisema."

"Unajua kwa nini? Kila nikija Edmonton, mama ananiambia, mke wa kaka yako kafanya hivi, mke wa kaka yako kapika vile, mke wa kaka yako hachoki. Nikasema, safari hii zamu yangu. Nimwoneshe."

Nikaweka glasi yangu chini. "Wifi, mimi miaka yote hii naambiwa, binti yangu wa Hayes angelikwisha kulifanya hili. Binti yangu wa Hayes ana mkono mwepesi. Binti yangu wa Hayes haunguzi vitunguu."

Tukatazamana.

"Bibi huyu!" akasema wifi.

Tulicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Niliwahi kufikiri kwamba kati yangu na wifi kuna jambo zito, la damu na ndoa na mirathi ya kaka yake. Kumbe kulikuwa na kikongwe mmoja aliyetuchochea sote wawili kama majiko mawili, ili chakula kisipoe. Tulirudi kwenye treni tukiwa tumeshikana mikono kwa sababu ya msongamano, na msongamano ulipokwisha hatukuachana.

Siku zilizobaki nyumba yangu ilikuwa na kazi tele. Wale wa nyumba ya wazee walitaka kila nguo iwe na jina, kwa kuwa zote hufuliwa pamoja. Nilinunua kalamu ya wino. Mavyaa akaikataa: wino unakwenda na maji, uzi unakaa. Basi binti yangu akirudi kazini akawa anakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, sindano mkononi, akishona jina la bibi yake kwa uzi mwekundu kwenye kanzu, sidiria, soksi, na hata pembeni mwa kila kanga. Mishono yake ya mwanzo ilikuwa kama nyayo za kuku. Bibi alimfumulia na kumrejeshea. Jioni moja nikiwa jikoni nilimsikia mwanangu akiuliza, kwa Kiswahili, polepole, "Bibi, hivi ni sawa?" na bibi akajibu, "Hivyo ni sawa," bila kulifanya jambo kubwa. Nilifunga bomba nisikilize zaidi.

Vitu vyake aligawa mwenyewe. Cherehani akampa mjukuu. Sufuria kubwa la pilau likaenda Hayes. Mimi akaniachia mbuzi ya kukunia nazi, ambayo nilikuwa nikiitumia siku zote, na akasisitiza nimwambie asante kana kwamba ndiyo kwanza naiona. "Sitaki kitu changu kikae kinaningoja nife," alisema. "Vitumieni, nisikie vinatumika."

Na kwa kuwa huko moshi hauruhusiwi, tuliamua nguo ziende na moshi wake. Tukazitandaza juu ya kapu kubwa la kufulia, chetezo chini yake, kanga moja baada ya nyingine. King'ora cha jikoni kwangu kikalia kama alivyotabiri muuguzi wa kule. Binti yangu akapanda kiti akikipungia sinia, wifi anafungua madirisha baridi inaingia, na mavyaa yuko kitandani anasema, "Ongezeni kidogo, hiyo ya buluu haijakolea."

Watu waliitwa Jumapili baada ya adhuhuri. Kabla hawajafika, mimi na wifi tulifunga mlango wa sebule, tukamsinga. Mimi nilikuwa upande wa kulia na yeye kushoto. Singo yetu ilikuwa na chembechembe na karafuu imezidi, lakini ngozi ya mavyaa iliipokea kama ardhi inavyopokea mvua, ikang'aa. Tulikiepuka kisigino. Sikuwahi kumgusa vile, kwa utulivu, bila kuwa na haraka ya kumwosha au kumvisha. Alifumba macho.

Kisha hina. Mkono wa kulia ulikuwa rahisi. Wa kushoto vidole vilikuwa vimejikunja tangu kiharusi, na mwenye kutia hina, mwanamke wa Mombasa anayekaa mtaa wa pili, alisita. Wifi akapiga magoti. Alikunjua kidole kimoja, akakishika, akamwambia mama wa hina, "Tia." Kikakauka. Akakunjua cha pili. Alikaa hivyo vidole vyote vitano, magoti yake sakafuni, mgongo ule mbovu umeinama, na hakuna aliyemwambia ainuke. Mavyaa alimtazama utosini tu. Wakati huo nilitoka kwenda kutazama maandazi ambayo yalikuwa hayahitaji kutazamwa.

Wakaja. Wanawake wa msikitini, majirani wa Kikenya waliotoka kanisani na nguo zao za ibada, dada mwenye mkongojo aliyefanya kazi na mavyaa kwenye dobi, jirani yetu Mjamaika na keki yake ya matunda. Kulikuwa na vitumbua, kahawa, halua na kelele. Walipoona hina hawakujua wapige vigelegele au watoe pole. Mmoja, ambaye sikumtarajia kuja, alinikaribia mlangoni akaninong'oneza, "Kweli mmeamua kumpeleka?"

Mavyaa akamsikia, bila shaka. "Mwulize mwenyewe anayepelekwa," akasema.

Yule mama akaona haya. "Nisamehe, bibi. Nilikuwa nauliza tu kama wanakupeleka kwa ridhaa yako."

"Hawanipeleki," mavyaa akasema. "Wananisindikiza. Kaa ule."

Dada wa dobi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Asubuhi ya kuhama lilikuja gari lenye ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazito mlangoni. Mavyaa alisema bismillahi, akaniuliza, "Umezima jiko?" nikasema nimezima, tukaondoka. Njia nzima alimweleza dereva vichochoro vya kukwepa foleni.

Mhudumu mmoja msichana alipoiona ile mikono akauliza kama kulikuwa na harusi. "Kulikuwa na shughuli," mavyaa akamjibu kwa Kiingereza, ila neno shughuli akaliacha kwa Kiswahili, na msichana akaitikia kana kwamba ameelewa. Tukatundika kanga ukutani, tukapaka mafuta ya udi kwenye pindo la pazia, tukaweka kiti dirishani. Mimi na wifi tukabishana picha ya babu, marehemu mumewe, iwekwe wapi, mavyaa akaamua. Ikaletwa supu. Akaionja, akaweka kijiko chini, akasema itabidi azungumze na mpishi.

Kisha akatuambia twende. Hakusema kwa huzuni. Alisema, "Nendeni sasa, nataka nipazoee nikiwa peke yangu, mkiwepo nitakuwa nawatazama nyinyi."

Mimi ndiye niliyekuwa imara tangu mwanzo, au ndivyo nilivyojiona. Ndani ya ile lifti inayolia nilichuchumaa. Niliegemea ukuta nikalia kwa sauti, sauti ambayo sikuitoa hata kwenye msiba wa mume wangu, kwa sababu siku zile mavyaa alikuwa kando yangu na nilimwonea haya. Wifi akanikamata chini ya kwapa.

"Simama, wifi," akasema, naye analia. "Tukianguka humu nani atatuinua?"

Wiki za kwanza nyumba ilikuwa kubwa. Nilipika wali wa watu wawili, nikala wa jana. Nilikwenda kumwona kila siku baada ya kazi mpaka aliponiambia nichague siku zangu, kwani akiniona kila siku hana jipya la kunihadithia. Basi mimi nikachukua siku za kati ya wiki, wifi mwisho wa wiki, na binti yangu hujiendea anapotaka. Si kwamba kila kitu kimenyooka. Uji wao hauna ladha. Kuna siku niliwahi kumkuta amevaa sweta la mtu mwingine, nikapandisha hasira mpaka kwa muuguzi mkuu, ambaye alisikiliza, akaomba radhi, akalitafuta la mavyaa mpaka akalipata. Kuna usiku husubiri, kama alivyoambiwa. Lakini kile kisigino kilianza kufunga, kwanza pembeni, kisha katikati, na siku muuguzi aliponionesha ngozi mpya, nyororo, nyepesi kama ya mtoto, nilijua tulifanya lililo sawa. Sikuhitaji mtu kuniambia, na sikuwahi kuuliza tena.

Wiki iliyopita nilifika na kachori na kitambaa cha gauni cha kumwonesha, nikamkuta amejitanda, viatu vimefungwa kamba, mkoba mapajani. Nikadhani kuna tatizo.

"Mbona hivi, mama? Unakwenda wapi?"

"Chini. Kuna kijana wa mazoezi anatusimamisha tukishikilia vyuma. Jana nimesimama mpaka wakanipigia makofi."

"Basi nikungoje hapa?"

"Uningoje ya nini? Nikitoka huko nina karata na yule Mwingereza wa chumba cha mwisho, ananidai mchezo. Kachori ziache. Njoo Alhamisi."

Mhudumu akaja kumchukua. Mavyaa akamwambia asikimbie kwenye kona, wakaingia kwenye lifti, mlango ukafunga. Nikabaki koridoni na kitambaa changu. Nikaziweka kachori kabatini, nikafunga dirisha lililokuwa likiingiza baridi, kisha nikashuka kwa ngazi, nikapita sokoni kununua samaki.